Daktari, mwanaume anaweza kuumwa tumbo la hedhi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni bodaboda wa Nkuhungu hapa Dodoma, nina miaka 34, mke na watoto wawili. Tangu mwaka jana kila mwisho wa mwezi naumwa tumbo la chini siku mbili au tatu, halafu linaacha lenyewe. Kijiweni wamenionyesha ujumbe unaosambaa kwenye simu kwamba wataalamu wa Ulaya wamegundua ugonjwa mpya unaitwa Hedume, yaani hedhi dume. Eti unawapata wanaume kuanzia miaka 30, wanaumwa tumbo kila mwezi, wananuna bila sababu na kutamani chipsi mayai usiku wa manane. Dalili zote ninazo. Mke wangu akiwa kwenye siku zake hunywa vidonge vya maumivu. Nilimwomba viwili na tumbo likatulia kabisa, tena mara nyingine siku zetu zinagongana. Yeye anacheka tu, ananiambia karibu chamani. Nilipima maabara ya mtaani nikaambiwa nina UTI na taifodi, nikamaliza dawa, mwezi uliofuata likarudi. Mzee mmoja anasema ni chango la kiume, nitafute dawa ya miti. Nilitaka kusahau: maumivu yanaanzia ubavuni kwa nyuma upande wa kushoto, yanashuka hadi kwenye korodani, yanakuja na kuondoka. Mwezi uliopita nilitapika na mkojo ulikuwa wa kahawia. Je, Hedume ina dawa?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umeandika kirefu na umefanya vizuri, maana yale uliyotaka kuyasahau mwishoni ndiyo yaliyobeba ugonjwa wako wote. Nitayafikia. Kwanza tumalizane na Hedume.

Hedume haipo. Haimo kwenye kitabu chochote cha tiba, haina kipimo wala dawa. Ujumbe huo umenifikia hata mimi, tena kwa zaidi ya mtu mmoja, na toleo nililonalo ni refu kuliko la kijiweni kwenu. Lina maneno ambayo kwako yamekatwa: “Mgonjwa anaweza kulia akiangalia mechi ya Simba na Yanga hata kama timu yake inaongoza. Tiba iliyothibitishwa ni kuosha vyombo na kuogesha watoto, kutwa mara tatu, kwa siku tano mfululizo.” Aliyeukata mkia huo sijui ni nani, ila mzaha ukishakatwa mkia watu wanaupokea kama taarifa ya habari. Ukiusoma mzima unamwona kabisa mwanamke aliyechoka kuambiwa “tumbo tu hilo, mbona wenzako wanafanya kazi,” akaamua kutupiga kijembe sisi wanaume. Mkeo naona alikielewa mapema. Aliyeutunga hakukusudia mtu mwenye maumivu ya kweli akae nyumbani akisubiri “siku zake” ziishe, na wewe ndicho ulichofanya kwa karibu mwaka mzima.

Tuone kwanza maumivu ya hedhi yanatoka wapi, kwa sababu jibu lako limejificha humo humo. Yanatoka kwenye mfuko wa uzazi. Kila mzunguko, ambao kwa wanawake wengi ni kati ya siku 21 na 35, utando wa ndani wa mfuko huo hunenepa kujiandaa kupokea mimba. Mimba isipotunga, homoni ya projesteroni inashuka, utando unabomoka, na katika kubomoka huko zinatolewa kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizo ndizo zinazoufanya msuli wa mfuko wa uzazi ujikamue. Ukijikamua kwa nguvu unaibana hata mishipa yake wenyewe ya damu, oksijeni inapungua, na msuli uliokosa oksijeni unauma. Prostaglandini nyingine zinazagaa mwilini, ndiyo maana baadhi ya wanawake wanatapika, wanaharisha na kuumwa kichwa siku hizo. Ni maumivu yenye chanzo kinachojulikana. Hayahusiani na deko.

Wewe mfuko huo huna. Nasema hivyo nikijua kwamba wapo wanaume wachache mno duniani ambao daktari akiwafanyia upasuaji wa ngiri, au akitafuta korodani ambayo haikushuka utotoni, anakutana na kijifuko kidogo cha uzazi kilichobaki tangu walipokuwa tumboni mwa mama zao. Ni jambo la nadra kiasi kwamba daktari akilikuta huliandikia makala kwenye jarida la tiba. Hata hao kwa kawaida hawapati hedhi, kwa kuwa hawana ovari za kuendesha mzunguko.

Homoni yetu kubwa, testosteroni, inafuata saa zaidi kuliko mwezi: asubuhi iko juu, jioni imeshuka, kesho yake inaanza upya. Kuhusu kununa, mtafiti mmoja wa Edinburgh, Gerald Lincoln, aliandika mwaka 2001 juu ya kondoo dume wa aina ya Soay ambao msimu wa kupanda majike ukiisha na testosteroni ikashuka, wanakuwa wakorofi na wenye wasiwasi. Lakini huo ni msimu wa mwaka, na wale ni kondoo. Kuna pia wanaume wanaopata kichefuchefu na kuchagua vyakula mke akiwa mjamzito; hao tunawafahamu vizuri hata huku kwetu, na mtoto akishazaliwa wanapona. Wewe mkeo si mjamzito. Na mtu anayewaza hesabu ya bosi na kodi ya nyumba huku kiuno kinamuuma, asingenuna ndiyo ningeshangaa.

Sasa vile vidonge, maana naona ndivyo vilivyokushawishi. Umejiambia: dawa ya hedhi imenisaidia, basi ninachoumwa ni hedhi. Wengi wangefikiri hivyo. Vidonge ambavyo wanawake hutumia siku hizo mara nyingi ni vya jamii ya ibuprofeni, diklofenaki au asidi ya mefenamiki. Kazi yake ni moja, kuuzuia mwili usitengeneze prostaglandini. Mwingereza John Vane ndiye aliyeonyesha mwaka 1971 kwamba hata aspirini hufanya kazi kwa njia hiyo, na mwaka 1982 akapewa tuzo ya Nobel pamoja na Wasweden wawili, Sune Bergström na Bengt Samuelsson. Kidonge hakijui kimemezwa na mwanaume au mwanamke. Kinazuia prostaglandini popote zilipo, kwenye jino, kwenye goti, kwenye mfuko wa uzazi na kwenye njia ya mkojo.

Na ukitaka kicheko cha kweli kuliko cha Hedume: kemikali hizi zinazowatesa wanawake ziligunduliwa kwenye shahawa. Miaka ya 1930 mwanasayansi wa Sweden, Ulf von Euler, aliona kwamba majimaji ya mbegu za kiume yana kitu kinachochezesha misuli na kushusha presha, akadhani kinatoka kwenye tezi dume, akakipa jina kutokana na tezi hiyo. Baadaye ikaonekana nyingi zinatoka kwenye vifuko vya shahawa vilivyo jirani, lakini jina lilishakaa. Kwa hiyo prostaglandini unazo, tena tele. Unachokosa ni ule mfuko wa kukamuliwa nazo.

Turudi kwenye neno lako “kila mwezi.” Mzunguko wa mwanamke haufuati kalenda ya ukutani. Mwenye mzunguko wa siku 28, akianza tarehe 28 mwezi huu wenye siku 30, mwezi ujao ataanza tarehe 26, unaofuata anazidi kurudi nyuma. Maumivu yako wewe yamekaa pale pale mwisho wa mwezi. Ndiyo maana siku zenu zinagongana mara nyingine na mara nyingine hazigongani. Kinachofuata tarehe za kalenda hapa Dodoma ni mshahara.

Huu ni mji wa watumishi. Mshahara ukitoka, bodaboda analala saa chache. Kuna safari za Mtumba, kwenye ofisi za serikali, asubuhi na jioni, kuna abiria wa Ijumaa wanaokimbilia treni ya SGR kwenda Dar kuona familia, kuna wa usiku wanaotoka kula bata. Unapiga kazi kuanzia alfajiri hadi saa sita za usiku, juani, kwenye upepo, na maji hunywi kwa sababu ukinywa utabanwa na mkojo, na pa kukojoa katikati ya mji hapapatikani kirahisi. Badala yake unapiga kinywaji cha kuongeza nguvu, kopo moja mchana, jingine usiku. Ukipata chochote unapita mnadani Msalato kwa nyama choma na bia mbili tatu za kujipongeza. Nimewahudumia madereva na bodaboda wengi wa mji huu, na maisha yao mwisho wa mwezi ndiyo hayo. Niambie kama ya kwako ni tofauti.

Hapo ndipo ninapoileta sentensi yako ya mwisho. Maumivu yanayoanzia ubavuni kwa nyuma chini ya mbavu, yakazunguka mbele, yakashuka kinenani hadi kwenye korodani ya upande ule ule, yanayopanda na kushuka kwa mawimbi, pamoja na kutapika na mkojo wa kahawia: daktari akisikia hivyo, kitu cha kwanza kumjia ni jiwe kwenye njia ya mkojo. Siwezi kuapa bila kukupima, lakini ningekuwa mimi ndiye ninayeumwa hivyo, leo hii ningekuwa kwenye foleni ya utrasaundi.

Jiwe hujengeka kwenye figo mkojo unapokuwa mzito, chumvichumvi zilizoyeyuka ndani yake zikaanza kushikana. Linaweza kukaa figoni kimya miezi mingi. Siku likishuka na kuingia kwenye mrija unaotoka figo kwenda kwenye kibofu, mrija mwembamba wenye urefu wa sentimita 25 hadi 30, linakwama. Mrija ule umezungukwa na msuli, na msuli unajikamua kulisukuma. Mkojo unajaa nyuma yake, figo inavimba, mwili unatoa prostaglandini, na maumivu yanapanda. Msuli ukilegea kidogo, unapumua. Kisha unaanza tena. Korodani inauma bila kuwa na kosa lolote, kwa sababu mishipa yake ya fahamu na ya figo inaingia sehemu moja ya uti wa mgongo, na ubongo unashindwa kujua simu imepigwa kutoka wapi.

Umeona ninakokwenda. Mfuko wa uzazi na mrija wa mkojo vyote ni viungo vyenye uwazi ndani na msuli pembeni, vyote vinauma kwa kujikamua, na vyote vinatulizwa na vidonge vya aina moja. Mwanaume akitaka kujua hedhi inavyouma, jiwe ndilo linalomkaribisha jirani. Wapo wanawake waliopata vyote viwili, na uzazi juu yake, na wengi wao watakuambia jiwe si mchezo.

Mgonjwa wa jiwe utamjua akiingia tu mlangoni. Hatulii. Anakaa, anasimama, anachuchumaa, anaegemeza paji la uso ukutani, analala kifudifudi kwenye benchi, anaamka tena kutafuta mkao ambao haupo. Mwenye kidole tumbo anafanya kinyume: analala amekunja magoti na hataki hata kitanda kiguswe. Jikumbuke wewe mwezi uliopita ulikuwa yupi.

Watu wa hapa husema mawe yanaletwa na maji ya chumvi ya Dodoma. Mimi nalaumu zaidi kutokunywa kuliko maji yenyewe. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, katika nchi kavu inayopata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, hasa ukiwa kwenye pikipiki. Miezi ya Juni na Julai baridi na upepo vinakuondolea kiu kabisa, lakini mwili unaendelea kupoteza maji. Mwenye mawe anatakiwa anywe kiasi cha kutoa mkojo lita mbili na nusu kwa siku, na kwa kazi yako ya juani hiyo maana yake ni kunywa lita tatu na zaidi. Huhitaji kupima kwa chupa kila siku. Tazama mkojo: ukiwa mweupe au njano hafifu uko salama, ukikolea umechelewa. Kunywa glasi mbili kabla ya kutoka nyumbani, weka chupa kwenye pikipiki, na usiku kabla ya kulala kunywa tena hata kama utaamka mara moja kukojoa, kwa sababu ni usiku ambapo mkojo unakuwa mzito zaidi.

Ndimu au limao ndani ya maji linasaidia, kwa kuwa lina sitrati inayozuia chumvi zisishikane. Bia haisafishi figo, hata kama kijiweni mmekubaliana hivyo. Inakukojoza sana lakini haichukui nafasi ya maji, na pamoja na nyama nyingi inaongeza asidi ya yuriki, ambayo nayo hujenga mawe ya aina yake. Chumvi ipunguze, hasa ile ya kuchovyea nyama. Maziwa usiyaache. Watu wanasikia mawe mengi yana kalisi wakakimbia maziwa, kumbe kalisi ya kwenye chakula inaikamata oksalati, ile chumvi inayoshikana na kalisi kujenga jiwe, tumboni kabla haijafika kwenye figo. Mchicha na karanga vina oksalati nyingi, kwa hiyo ukila mboga ya karanga, ishushie na mtindi.

UTI na taifodi. Katika mji wowote wa nchi hii, ukiingia maabara ya uchochoroni na tumbo, uwezekano ni mkubwa kutoka na hizo mbili kwa pamoja. Kipimo cha Widal wanachotumia kwa taifodi kinasoma kingamwili, na kingamwili hubaki mwilini hata kama uliugua zamani au ulichanjwa. Taifodi ya kweli ina homa inayopanda siku hadi siku. Wewe hukutaja homa. UTI kwa mwanaume wa umri wako ni adimu kuliko kwa mwanamke, maana njia yetu ya mkojo ni ndefu, na ikitokea daktari anapaswa kuuliza imeletwa na nini. Jiwe likikwaruza mrija, mkojo unakuwa na chembe nyekundu na hata chembe nyeupe, na mtu mwenye haraka anaandika UTI. Umekunywa antibayotiki kwa ajili ya kitu kigumu ambacho antibayotiki haikigusi.

Mzee wako wa chango simdharau, maana wazee wetu waliona mwanaume anajinyonga kwa tumbo la chini wakatafuta namna ya kulieleza. Tatizo ni kwamba chango na ngiri vimekuwa gunia la kutupia kila maumivu ya chini ya kitovu. Muuza dawa anapita sokoni na kipaza sauti, unga mmoja unatibu chango, ngiri, UTI sugu, mgongo na nguvu za kiume. Ngiri inayojulikana hospitalini ni tundu au udhaifu kwenye ukuta wa misuli ya tumbo ambapo utumbo unachungulia. Unaiona ni uvimbe kinenani unaotokeza ukikohoa au ukibeba mzigo na kurudi ndani ukilala. Hakuna unga unaoziba tundu, linashonwa. Tena baadhi ya dawa za miti zinaumiza figo, na figo yako moja tayari ina kesi.

Niseme kidogo juu ya kichocho, kwa sababu huo ndio ugonjwa uliowahi kuwafanya watu waamini kweli kwamba wanaume wanapata hedhi. Jeshi la Napoleon lilipoingia Misri mwaka 1798, askari wake walianza kukojoa damu, na inasimuliwa kwamba waliiita Misri nchi ya wanaume wenye hedhi. Mwaka 1851 huko Cairo daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, akamkuta mdudu mwenyewe kwenye mishipa ya damu ya maiti aliyokuwa akiichunguza. Minyoo ya kichocho inaingia kupitia ngozi ukiwa umesimama kwenye maji yaliyotuama yenye konokono wake, inakwenda kutaga kwenye mishipa ya kibofu, na mayai yake yenye mwiba yanatoboa ukuta na kutoa damu, mara nyingi mwishoni mwa kukojoa. Kuna sehemu za Afrika ambako mvulana akikojoa damu ilichukuliwa kuwa amebalehe tu. Kwa hiyo kama umekulia karibu na bwawa, au huwa unaenda Mtera kuvua, mwambie daktari. Kipimo ni cha mkojo, unaotolewa mchana kati ya saa nne na saa nane ambapo mayai yanatoka kwa wingi, na dawa yake ni prazikwanteli, kwa kawaida dozi moja inayopimwa kwa uzito wako.

Yapo mengine machache yanayouma huko chini: choo kigumu, magonjwa ya zinaa ambayo hayakutibiwa, uvimbe wa tezi dume. Daktari atayapitia kwa maswali, nawe usimfiche kitu.

Lakini kuna hali ambazo hazisubiri barua yangu wala asubuhi. Korodani ikipata maumivu ya ghafla, ikapanda juu na kuvimba, nenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni saa nane za usiku, kwa sababu huenda imejinyonga. Ikifunguliwa ndani ya saa sita mara nyingi inaokoka. Zikipita nyingi inakufa. Vijana wengi wanaona aibu wanasema tumbo, daktari anatafuta tumboni, muda unakwenda. Sema wazi ni wapi. Maumivu ya ubavu pamoja na homa na kutetemeka nayo ni dharura, maana ni mkojo uliozibwa ukaoza. Vivyo hivyo kukosa mkojo kabisa, uvimbe wa ngiri uliogoma kurudi huku unatapika, na maumivu yaliyoanza kitovuni yakahamia chini kulia.

Wewe anza hivi. Wiki hii, usisubiri mwisho wa mwezi, nenda kituo cha afya au hospitali ya mkoa na useme maneno yale yale ya mwisho wa barua yako, bila kutaja Hedume wala chango. Omba kipimo cha mkojo, cha damu kuangalia kazi ya figo, na utrasaundi ya figo na kibofu. Nenda umekunywa maji na mkojo umejaa kiasi, kibofu kitupu hakionyeshi vizuri. Utrasaundi inaweza isilione jiwe lililo katikati ya mrija, lakini itaonyesha kama figo imevimba, na hapo wanaweza kukuandikia CT, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine kubwa ya eksirei, kwenye hospitali kubwa kama Benjamin Mkapa. Uliza bei na bima yako kabla, si kila kituo ni sawa.

Vidonge vya mkeo acha kwanza hadi majibu ya figo yatoke. Vinatuliza, hilo ni kweli, hata sisi hospitalini tunavitumia kwa maumivu ya jiwe. Ila kwa mtu aliyekauka maji vinapunguza damu inayoingia kwenye figo, na vikimezwa ovyo na tumbo tupu vinachimba vidonda. Ukiumwa kabla ya kufika kwa daktari tumia paracetamol. Na tumbo likitulia lenyewe usiseme limepona. Wakati mwingine jiwe linakuwa limeziba kabisa, maumivu yanaisha, na figo inaharibika taratibu bila kelele.

Likiwa chini ya milimita tano, mara nyingi linatoka lenyewe kwa maji na subira. Katika siku hizo kojoa kwenye chujio la chai ambalo hamtalirudisha jikoni, au kwenye kitambaa safi cheupe. Utakachokuta ni kitu kidogo, pengine sawa na punje ya uwele, cha kahawia, chenye ncha ukikigusa. Usikitupe, kifunge kwenye karatasi ukipeleke, maana aina ya jiwe ndiyo itakayoamua upunguze nyama au upunguze chumvi zaidi. Likizidi milimita kumi, uwezekano wa kutoka lenyewe ni mdogo. Kuna kulivunja kwa mawimbi kutoka nje, na kuna kuingia na kifaa chembamba kupitia njia ya mkojo. Hilo utazungumza na daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo.

Na mkeo. Kama anaumwa kiasi cha kushindwa kusimama, au maumivu yanazidi mwaka hadi mwaka, au anaumia mkiwa pamoja, asiishie kwenye vidonge. Kuna ugonjwa ambapo tishu inayofanana na utando wa mfuko wa uzazi inaota nje ya mfuko huo, na inakadiriwa mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa anao; wengi wanaishi nao miaka wakiambiwa ndiyo uanamke. Siku unayokwenda utrasaundi nendeni wote, yeye amwone daktari wa wanawake.

Majibu yakitoka niandikie. Nitajie jiwe liko upande gani, lina milimita ngapi, na kama wameandika kwamba figo imevimba.